Jinsi ya kutumia lebo za wateja ili ujumbe wa otomatiki umfikie anayehusika tu

Habari zenu, karibuni tena. Leo tunakaa mezani na vitu vitatu: kompyuta, daftari la mauzo na simu. Niko dukani hapa Dodoma. Nyuma yangu mnaona madumu ya mafuta ya alizeti, na kule pembeni magunia ya mashudu. Bidhaa hizo mbili ndizo zitakazotufundisha leo, maana zinatoka kwenye mbegu moja lakini wanunuzi wake hawafanani hata kidogo.

Naanza na kosa nililolifanya mwenyewe. Ilikuwa mwezi wa sita, alizeti ya msimu imeshaingia na mashine zinakamua usiku na mchana. Nikatuma ujumbe mmoja kwa namba zote nilizokuwa nazo: "Mashudu mapya yamefika, wahi." Hata dakika tano hazijaisha, mama mmoja wa Ilazo anayechukua dumu la lita 5 kwa ajili ya jikoni kwake akanijibu: "Mimi sifugi." Basi, maneno mawili. Wiki mbili baadaye nikatuma tena kwa wote, safari hii habari ya mafuta, ambayo kweli ilimhusu. Akanipigia na kuniomba nimtoe kwenye orodha. Iliniuma, kwa sababu alikuwa mteja wa kila mwezi na mafuta alikuwa bado anayahitaji. Nilimchosha kwa jambo lisilo lake, na lililo lake lilipofika hakutaka tena kunisikia.

Dawa ya tatizo hilo ni lebo. Tazama hapa kwenye skrini. Hili ni jina la mteja, na chini yake kuna vibandiko vidogo: kimoja kinasema mafuta, kingine nyumbani, kingine ilazo. Kila kibandiko ni lebo. Mteja mmoja anaweza kuwa nazo nyingi, na unaweza kubandua moja bila kugusa nyingine. Usichanganye lebo na kundi. Kundi ni kama gunia, unamtia mtu humo na anakaa na wenzake. Lebo inakwenda na mtu popote aendapo, na inabadilika hali yake inapobadilika.

Kama unatumia WhatsApp Business, lebo tayari unazo, hadi 20, na ni mahali pazuri pa kujizoeza kabla hujalipia chochote. Ila pale unabandika kwa mkono na unatuma kwa mkono. Orodha moja ya matangazo inabeba watu 256, na ujumbe unamfikia tu aliyehifadhi namba yako. Ukitaka lebo ianzishe kazi yenyewe, ujumbe uondoke hata ukiwa shambani Hombolo, unahitaji programu yenye mitiririko ya otomatiki, yaani mpangilio wa hatua zinazofuatana zenyewe. Mailchimp inayo, ActiveCampaign inayo, na zipo nyingine zinazotuma SMS. Vitufe vinatofautiana, mpango ni ule ule.

Hatua ya kwanza: funga kompyuta, fungua daftari.

Ndiyo, funga kabisa. Wengi wanaanza kwa kutengeneza lebo arobaini, halafu hawajui za nini. Anza na ujumbe. Jiulize: kwa mwaka mzima, ni ujumbe gani ninaotaka kuutuma, na kwa nani? Mimi niliandika minne tu. Wa kwanza ni wa kumkumbusha mtu wa nyumbani kwamba dumu lake linakaribia kwisha. Wa pili ni wa migahawa na mama ntilie, unaokwenda mwishoni mwa mwezi wa tatu, kwa sababu Bunge la bajeti linakaa hapa kuanzia Aprili hadi Juni, mji unajaa na masufuria yanaongezeka. Wa tatu ni wa wafugaji. Huku kwetu mvua ni za msimu mmoja, zikikatika mwezi wa nne au wa tano hazirudi mpaka kuelekea Desemba, hivyo ikifika Agosti na Septemba majani yamekwisha na mtu wa Kongwa au Mpwapwa anatafuta mashudu. Wa nne ni wa aliyeuliza bei akanyamaza.

Sasa soma kila ujumbe na ujiulize: ili programu imjue mtu huyu, lazima ijue nini juu yake? Jibu la swali hilo ndilo lebo. Kama hakuna ujumbe unaoitegemea lebo fulani, usiitengeneze. Niliwahi kuwa na lebo ya "mteja mzuri". Mzuri kwa kipi? Haikuwahi kutuma chochote, nikaifuta.

Hatua ya pili: majina ya lebo.

Chagua mtindo mmoja na usiuache. Mimi naanza na aina ya taarifa, kisha kistari, kisha taarifa yenyewe, herufi ndogo zote. Angalia: bidhaa-mafuta, bidhaa-mashudu, aina-nyumbani, aina-mgahawa, aina-mfugaji, chanzo-nanenane, hatua-ameuliza-bei. Ukifanya hivyo, orodha inajipanga yenyewe na msaidizi wako akiingia anaelewa bila kukuuliza. Leo ukiandika mfugaji, kesho ukaandika wafugaji, programu inaona lebo mbili, na nusu ya watu wako hawatapata ujumbe. Hutajua kwa nini, maana hakuna kosa litakalotokea kwenye skrini.

Tarehe usiifanye lebo. Usitengeneze "alinunua-tarehe-3", utajaza programu nzima. Tarehe, kijiji na ukubwa wa dumu viweke kwenye sehemu zake za taarifa, pale pale anapoandikwa jina na namba.

Hatua ya tatu: lebo zibandikwe vipi.

Kuna kubandika kwa mkono, kwa fomu, kwa kiungo anachobofya mteja, na kwa malipo. Mkono utumie kwa wateja wa zamani tu. Kaa na daftari jioni mbili tatu, umalize. Kiungo ni rahisi: kwenye barua pepe weka viungo viwili, bei ya mafuta na bei ya mashudu, kisha iambie programu atakayebofya cha pili abandikwe bidhaa-mashudu.

Fomu ndiyo ninayoipenda, na nitakaa hapa kidogo. Agosti tukiwa Nzuguni kwenye Nanenane, watu wanapita bandani kwa mamia, na kila mwenye banda ana daftari la kuandika majina na namba. Jina na namba peke yake havikusaidii. Ongeza swali moja, moja tu: "Unachukua kwa ajili ya nini?" Na majibu matatu ya kuchagua: jikoni nyumbani, mgahawa, mifugo. Akichagua mifugo, programu inambandika aina-mfugaji papo hapo, pamoja na chanzo-nanenane. Usimuulize umri, wala kazi, wala ana watoto wangapi. Mtu amesimama juani na mtoto mgongoni, atajibu swali moja kwa moyo, la pili kwa shida, la tatu ataondoka.

Chini ya fomu weka kisanduku cha ridhaa: "Nakubali kutumiwa ujumbe wa bei na bidhaa." Kiache wazi, akitie tiki mwenyewe. Nchini kwetu ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inampa mtu haki ya kukataa taarifa zake zisitumike kumtangazia biashara. Kwa hiyo tengeneza lebo mbili sasa hivi kabla ya nyingine zote: ridhaa-ndiyo na usimtumie. Yule mama wa Ilazo leo ana lebo ya usimtumie, na kila mtiririko nilionao unaikagua hiyo kwanza.

Hatua ya nne: tunajenga mtiririko. Hapa ndipo penye kazi, tulia nami.

Tunachukua ule wa dumu la nyumbani. Kwanza tujue siku za kusubiri, na siku hizo zimo kwenye daftari lako mwenyewe. Ona huyu: amechukua lita 5 tarehe 3, akarudi tarehe 24. Siku 21. Huyu mwingine siku 19. Huyu siku 23. Fanya hivyo kwa wateja kumi uone wanaangukia wapi. Mimi nikaamua kukumbusha siku ya 18, dumu likiwa bado na kidogo, kabla hajapita duka la jirani.

Sasa bonyeza "mtiririko mpya". Programu inauliza: uanze lini? Chagua: lebo inapobandikwa. Lebo yenyewe iite hatua-dumu-linatumika. Lebo hii inabandikwa mteja wa nyumbani anapolipa.

Kipande cha pili ni sharti. Je, ana ridhaa-ndiyo, na hana usimtumie? Kama hapana, atoke. Kama ndiyo, aendelee. Kipande cha tatu: subiri siku 18. Cha nne, sharti tena: je, bado ana hatua-dumu-linatumika? Unauliza tena kwa sababu siku 18 ni nyingi. Huenda amehama, huenda amefungua mgahawa na umeshambadilishia lebo. Kipande cha tano ni ujumbe wenyewe, nausoma: "Habari Mama. Dumu lako la lita 5 ulilichukua tarehe 3. Likikaribia kwisha jibu NDIYO, tutakuletea. Kusitisha jumbe hizi jibu ACHA." Tarehe hiyo programu inaichukua yenyewe kwenye sehemu ya taarifa.

Hesabu herufi. SMS moja inabeba herufi 160, nafasi zikiwemo. Ukiweka emoji hata moja, inashuka hadi 70, na ujumbe uliokuwa wa SMS moja unaweza kulipiwa kama mbili au tatu. Jambo lingine: kama unatuma kwa jina la biashara badala ya namba, mteja kwa kawaida hawezi kujibu. Hapo badala ya NDIYO na ACHA andika namba ya kupiga.

Akijibu ACHA, iagize programu imbandike usimtumie na imtoe. Asiponunua, subiri siku 4, kisha ibandue hatua-dumu-linatumika na ibandike hatua-amepoa. Lebo ya hatua-amepoa sijaipa ujumbe wowote wa otomatiki. Kila Jumatatu asubuhi nafungua orodha ya waliopoa na kuwapigia mwenyewe. Mtu aliyenyamaza anahitaji kusikia sauti ya mtu. Mara nyingine unakuta kuna msiba nyumbani, na hapo unatoa pole tu, mafuta huyataji.

Sasa, akinunua je? Hapa ndipo wengi wanakwama, nami nilikwama wiki nzima. Mteja anarudi, analipa, programu inambandika tena hatua-dumu-linatumika, lakini mtiririko hauanzi. Unatazama skrini, lebo ipo, ujumbe hauendi. Sababu ni kwamba lebo hiyo haikubanduliwa mara ya kwanza, na lebo iliyokwisha kubandikwa haiwezi kubandikwa tena. Kwa programu hakuna kilichotokea. Kwa hiyo mpangilio wa malipo uwe hivi, kwa utaratibu huu huu: kwanza mtoe kwenye mtiririko wa zamani, pili bandua hatua-dumu-linatumika, tatu ibandike upya. Halafu nenda kwenye mipangilio, tafuta panapouliza mtu aingie mara moja tu au kila mara, uchague kila mara. Programu nyingi zinakuja zimewekwa mara moja, na usipobadilisha, mteja wako atakumbushwa dumu la kwanza tu maisha yake yote.

Mitiririko mingine mitatu inajengwa kwa njia hiyo hiyo, nami sitairudia. Wa wafugaji uanze kwa tarehe, sharti liwe aina-mfugaji. Wa migahawa vivyo hivyo. Wa aliyeuliza bei uanze kwa hatua-ameuliza-bei, na ubandue lebo hiyo mara tu anapolipa, la sivyo utamuuliza "bado unahitaji?" mtu aliyebeba dumu lako jana.

Hatua ya tano: jaribu kabla hujawasha kwa wote.

Ingiza namba yako kama mteja. Badilisha kusubiri kutoka siku 18 kuwe dakika 2. Jibandike ridhaa-ndiyo, kisha hatua-dumu-linatumika. Simu iko hapa mezani, tunasubiri... hiyo imelia. Soma kwa sauti. Tarehe imeingia, au pameachwa wazi? Sasa jilipie, uone kama lebo imebanduka na kurudi, na mtiririko umeanza upya. Kisha jibu ACHA, jibandike lebo tena, na hakikisha simu haipokei kitu.

Rudisha siku 18. Chagua wateja kumi unaowafahamu kwa sura, uwabandike hao peke yao, uwashe. Ujumbe ukishawafikia, mpigie mmoja mmoja umuulize: umeupata, umeuelewa, umekuja wakati wake? Mmoja wangu, mama wa Nkuhungu, aliniambia siku 18 kwake ni mapema mno kwa sababu watoto wako bweni. Nikaongeza lebo ya aina-nyumbani-wachache na kusubiri siku 30. Yeye hununua bado.