Anayelipa Simu ya Jela Si Aliye Jela

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, dada na kaka zangu, asanteni kwa kuja, najua wengi mmetoka zamu moja kwa moja. Wenyeji wamenipa nusu saa. Wanaonijua wanajua kwamba habari hii ya simu za jela za Marekani nimeisema kanisani, nimeisema msikitini, nimeisema mbele ya madiwani wa kaunti. Leo nairudia, kwa sababu bado napigiwa na wazazi waliomaliza hela ya kodi ya nyumba kwa kumsikia mtoto dakika chache chache.

Naanza na yule mama. Mliokwisha kumsikia, nivumilieni, sijapata mfano unaomzidi.

Kazi yangu ni ukalimani wa mahakamani. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwenye shauri la kijana wa miaka 19, Mbembe wa Fizi, Kongo, aliyekulia kambini Tanzania kabla ya kuletwa huku. Mama yake Kiingereza chake kilikuwa cha salamu tu. Kijana alikamatwa Ijumaa usiku. Jumanne asubuhi nikamkuta mama kwenye korido ya mahakama, khanga mabegani, mkoba ameukumbatia, anatazama sakafu. Nikamwamkia, nikamuuliza kama amezungumza na mwanawe. Akaniambia, "Hajanipigia, mwanangu. Labda ana hasira na mimi."

Nikamwomba simu yake niitazame. Kulikuwa na simu 11 kutoka namba moja asiyoijua, na zote alikuwa amezipokea. Hakuna iliyozidi dakika moja.

Sasa nieleze alichokuwa anakisikia. Simu ikiita kutoka jela, haianzi na mtu. Inaanza na mashine, kwa Kiingereza: una simu kutoka kwa fulani, aliye katika jela ya kaunti fulani, mazungumzo haya yanarekodiwa, ukikubali bonyeza namba hii, ukikataa bonyeza ile. Pale penye "fulani" mashine inaacha nafasi ya sekunde mbili hivi, na aliye ndani anarekodi jina lake. Zile simu za mwanzo kijana alitaja jina. Mama alisikia mashine inamsemesha Kiingereza kwa haraka, akadhani ni matapeli wale wa kudai kodi ya serikali, akakata. Kijana akaelewa. Akaacha kutaja jina lake. Katika zile sekunde mbili akawa anasema: "Mama, bonyeza tano!"

Mama alibonyeza. Mashine ikaendelea, safari hii inataka afungue akaunti na ataje tarakimu za kadi ya benki, kwa Kiingereza kile kile. Akasimama pale, simu sikioni, mpaka ikakatika. Ikaita tena. "Mama, bonyeza tano!" Ikakatika tena. Kwa siku nne mama huyu alichopata kutoka kwa mwanawe ni maneno matatu, na kwa kuwa yalikuja katikati ya sauti ya mashine, alinieleza kwamba alifikiri ni mashine inayoiga sauti ya mtoto wake.

Tukakaa kwenye benchi, tukafungua akaunti. Akaweka dola 25. Hapo hapo zikakatwa dola 3 za ziada kwa kulipia kwa kadi, kabla hajasema hata "haloo". Zile 25 ziliisha kwa simu mbili na kipande. Na katika simu ya kwanza kabisa, mnajua kijana aliomba nini? Aliomba namba ya simu ya msimamizi wa zamu kiwandani. Ilikuwa imeandikwa kwenye daftari la mama, juu ya friji. Yule msimamizi ndiye aliyejua kwamba saa ile inayotajwa kwenye mashtaka kijana alikuwa kazini, anakata nyama. Alikuwa akiitafuta namba ile tangu Jumamosi alfajiri. Alipoipata, suala la dhamana lilikuwa limeshasikilizwa bila shahidi, na kiasi kilichopangwa nyumba ile isingekipata hata kwa mwaka. Alikaa ndani wiki sita, akapoteza kazi. Msimamizi alipoleta karatasi ya zamu, mashtaka yakafutwa.

Ndiyo maana nachoka mtu anaponiambia simu ya jela ni starehe ya mfungwa. Kwanza, mfungwa gani? Lugha yetu imetenganisha vizuri: kuna mahabusu na kuna mfungwa. Mahabusu hajahukumiwa. Katika jela za kaunti za Marekani, takriban theluthi mbili au zaidi ya waliomo ni mahabusu, watu wanaosubiri kesi. Wengi wako mle kwa sababu moja, hawana hela ya dhamana. Na dhamana inatafutwa kwa nini? Kwa simu! Unampigia shangazi, unampigia rafiki, unampigia mwajiri usifukuzwe kazi, unampigia jirani amchukue mtoto shuleni. Siku tatu za kwanza ndizo unahitaji simu kuliko siku nyingine yoyote, na mshahara wa mle ndani haupo. Hata kwenye magereza ya majimbo, wanakopelekwa waliohukumiwa vifungo virefu na ambako watu hufanya kazi, malipo ya kazi za kawaida ni senti kadhaa kwa saa, na Texas na Georgia hawalipi kitu. Kwa hiyo bei ya simu haimfiki aliye ndani. Inamfika aliye nje.

Najua kuna mzee hapa moyoni anasema, "Asingefanya makosa asingekuwa huko." Mzee wangu, nakuheshimu, nakujibu. Tuseme alifanya. Mama yake alifanya nini? Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na huu ni mzigo wa wanawake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 juu ya familia za waliofungwa Marekani ulikuta kwamba zaidi ya familia moja katika kila tatu ziliingia kwenye madeni kwa sababu ya gharama za simu na za kwenda kutembelea tu, na kwamba katika wanafamilia waliobeba gharama hizo, asilimia 87 walikuwa wanawake. Mama, mke, dada, bibi. Hao hawakushtakiwa na mtu.

Haya, bei inatoka wapi? Hapa nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu watu hudhani ni ughali wa mtambo. Siyo. Kaunti inatangaza zabuni. Kampuni zinakuja. Wewe ukinunua laini ya simu unachagua anayekuuzia rahisi. Jela kwa miaka mingi zimechagua anayezirudishia hela nyingi zaidi. Kampuni inasema: nipe mkataba, katika kila dola nitakayowatoza nitakupa kiasi hiki. Hiyo ndiyo kamisheni. Sasa kampuni itakayoahidi kamisheni kubwa itaipata wapi? Itapandisha bei ya dakika. Anayesaini ni sherifu, yule mkuu wa polisi na jela ya kaunti, anayepokea ni kaunti na kampuni, na anayelipa ni mama mwenye daftari juu ya friji, ambaye hakuitwa kwenye kikao wala hawezi kuhamia mtandao mwingine. Sijui biashara nyingine ambamo muuzaji anapendwa zaidi kadiri anavyouza ghali.

Ushahidi huu hapa. Mwaka 2018, simu ya dakika 15 ndani ya jimbo kutoka jela moja ya Arkansas iligharimu dola 24.82. Mwaka huo huo, dakika 15 kutoka magereza ya jimbo la Illinois zilikuwa kama senti 14. Senti 14, ndugu zangu! Nchi moja, mwaka mmoja, teknolojia ile ile. Illinois nao wana mashine ya kusema "mazungumzo haya yanarekodiwa". Basi asinijie mtu na hoja ya usalama, kwamba kurekodi na kusikiliza ndiko kunakopandisha bei. Jiji la New York lilifanya simu za jela zake ziwe bure tangu Mei 2019, na bado zinarekodiwa. Kilichobadilika ni kwamba simu ziliongezeka kwa zaidi ya theluthi moja, karibu mara moja. Yaani theluthi ile yote ilikuwepo tangu zamani: watu waliotaka kuzungumza na watoto wao, na bei ikawafunga midomo.

Kaunti zetu hujibu, "Ile kamisheni inanunua mipira na vitabu vya waliomo ndani." Nimeambiwa hivyo usoni na diwani. Nikamwambia, kama kaunti inataka kununua mpira, ununuliwe kwa kodi yetu sote, mimi na wewe tuchangie sawa. Kwa nini mpira wa jela ulipwe na mama mmoja, dakika kwa dakika, anapouliza mwanawe amekula?

Naona saa inakwenda, nami sijamtaja Bibi Martha Wright. Siwezi kuondoka bila kumtaja. Alikuwa muuguzi mstaafu wa Washington, D.C. Mjukuu wake alifungwa, akawa anahamishwa mbali, jimbo baada ya jimbo. Bibi macho yalikuwa yamekwisha, barua asingeweza kusoma wala kuandika. Ilibaki simu. Alilipa, alilipa, mpaka akachagua kati ya simu na dawa. Mwaka 2000 yeye na familia nyingine wakaenda mahakamani. Mahakama ikawaelekeza kwa Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC. Wakapeleka ombi mwaka 2003. Tume ikaja kuweka kikomo cha bei mwaka 2013, miaka 10 baadaye, na kikomo chenyewe kilikuwa senti 21 kwa dakika kwa aliyelipa kabla na 25 kwa simu ya kulipiwa na mpokeaji, kwa simu za kutoka jimbo hadi jimbo peke yake. Tume ilipojaribu kugusa simu za ndani ya jimbo, Mahakama ya Rufaa ikasema mwaka 2017 kwamba haina mamlaka hayo. Ndiyo ikawa mtu aliyefungwa mtaa wa pili anatozwa zaidi kuliko aliye majimbo matatu mbali. Yule mama wangu wa korido alikuwa anaishi dakika 10 kutoka jela.

Bibi Martha alifariki mwaka 2015. Bunge lilipitisha sheria yenye jina lake, Rais Biden akaitia saini tarehe 5 Januari 2023, na ndiyo iliyoipa Tume mamlaka juu ya simu za ndani ya jimbo na za video. Julai 2024 Tume ikatoa viwango: senti 6 kwa dakika kwenye magereza na jela kubwa, mpaka senti 12 kwenye jela ndogo kabisa. Kwa hesabu ya Tume yenyewe, simu ya dakika 15 iliyofika hata dola 11.35 kwenye jela kubwa ingeshuka hadi senti 90. Na kamisheni zikapigwa marufuku. Siku ile nililia, sioni haya kusema.

Mwisho wa Juni 2025 Tume hiyo hiyo ikaahirisha utekelezaji wa viwango hivyo. Oktoba ikapiga kura kuvipandisha tena viwango, kwa malalamiko ya masherifu na kampuni. Mtu akikuambia "jambo hilo lilishakwisha, nililisoma kwenye habari", mwambie alisoma habari ya 2024.

Nimeonyeshwa kikaratasi, dakika tano. Haya, haraka haraka.

Majimbo yaliyopitisha sheria ya kufanya simu ziwe bure: Connecticut walitangulia, kisha California, Colorado, Minnesota, Massachusetts. Lakini tahadhari, wengi mnajichanganya hapa. California, Colorado na Minnesota ni magereza ya jimbo, si jela za kaunti. Massachusetts ni zote. Kwa hiyo ukiambiwa "kwetu ni bure", uliza: gereza au jela?

Jambo la mawakili. Simu kwa wakili haitakiwi kusikilizwa, lakini namba ya wakili lazima iandikishwe kwanza kama ya wakili. Nyingine zote, pamoja na ile ya mama, zinarekodiwa na mwendesha mashtaka anaweza kuzileta mahakamani. Kina mama, msizungumze kesi kwenye simu, hata kwa Kiswahili, hata kwa Kibembe. Najua, kwa sababu wakalimani kama mimi ndio tunaoletewa tutafsiri. Zungumzeni chakula, afya, dhamana, namba za watu.

Simu za video na vishikwambi nilitaka kuvieleza, muda hautoshi. Nitasema hili tu: mahali pengine waliondoa ziara za ana kwa ana walipoleta video, kwa hiyo video ikiletwa kwenye kaunti yenu, ulizeni kwanza kama mlango wa ziara utabaki wazi.

Na salio. Mtu akitoka jela, hela iliyobaki kwenye akaunti ni yako wewe uliyeiweka. Idai mapema, akaunti zikikaa bila kutumika huwa zinafungwa. Pale mlangoni nimeweka karatasi, upande mmoja nimeandika maneno yote ya ile mashine kwa Kiswahili, hatua kwa hatua, namba za kubonyeza zimeachwa wazi mjaze za kaunti yenu. Chukueni mbili, moja ya friji na moja ya jirani. Mwenye akaunti yenye salio asiondoke, aje na simu yake hapa mbele, tutapiga pamoja.