Herufi H Iliyonipeleka Mokowe

KHADIJA: Asalamu aleikum wasikilizaji, kutoka hapa Lamu. Leo tunazungumzia ufupisho wa meseji na tahajia yetu. Athman, una la kwako.

ATHMAN: Waaleikum salaam, Mwalimu. Linaniuma hadi leo. Binamu yangu aliniandikia: "mjomba atakuja leo". Nikavuka kwa boti hadi Mokowe, upande wa bara, nikakaa jetini tangu adhuhuri mpaka basi la mwisho likashusha watu. Mjomba hayumo. Kumpigia, yuko Malindi, hana hata habari ya safari. Binamu alikusudia "hatakuja".

KHADIJA: Pole sana, ndugu yangu. Herufi moja!

ATHMAN: Moja tu. Na siku zote lawama tunazitupia zile "xaxa" na "m2".

KHADIJA: Ndipo ninapopataka hapo. Nafundisha kidato cha pili, na mtoto akiniletea "cjui" kwenye insha, nikimpigia mstari anacheka, anairekebisha pale pale. Anajua kuwa ni mkato. Lakini akiandika "ajui" kwa maana ya "hajui", ananitazama tu. Haoni kosa. "Apo", "uko", "ajafika": hizo hazina sura ya mkato, kwa hivyo zinamwingia kama tahajia halali. Mimi hizo ndizo zinazonikosesha usingizi.

ATHMAN: Na kwetu ile h ndiyo inayokanusha.

KHADIJA: Ehe! Ukiiondoa, hukufupisha neno. Umeligeuza maana.

ATHMAN: Ila hizo "xaxa" zina asili yake. Unazikumbuka simu za mulika mwizi? Herufi s ilikuwa kitufe cha 7, ubonyeze mara nne. X iko kitufe cha 9, mara mbili basi. Hesabu: "sasa" mibonyezo kumi, "xaxa" sita. "Si" saba, "c" tatu. Na "tu" ndiyo taabu zaidi, maana t na u zimekaa kitufe kimoja, uandike ya kwanza, usubiri, ndipo uandike ya pili. Naona hiyo ndiyo iliyotuletea "m2" na "wa2".

KHADIJA: Na nafasi yenyewe ilikuwa herufi 160 kwa ujumbe mmoja, ukizidisha unalipia wa pili. Meseji ya kwanza aliituma Neil Papworth kule Uingereza, Desemba 1992, salamu za Krismasi. Lakini hiyo "m2" yataka msomaji ajue namba kwa Kiingereza. Nyanya yangu aliisoma "m-mbili", akaniuliza mbili gani.

ATHMAN: Hao wazee wetu nao si waliandika kwa herufi za Kiarabu, wakibana vilevile?

KHADIJA: Walibana, lakini tazama walibana wapi. Kiarabu kina irabu tatu, kwa hivyo alama moja ya irabu, kasra, ilibeba i na e, na nyingine, dhumma, ikabeba u na o. Msomaji alitambua kwa maana na kwa mizani ya shairi. Hata hivyo, tenzi walizitia irabu, kwa sababu Kiswahili kisicho na irabu kinamponyoka msomaji.

ATHMAN: Na kijana wa Lamu akiniandikia "ndoo" badala ya "njoo"?

KHADIJA: Huyo mwache! Hicho ni Kiamu, ndivyo anavyosema mamake. Usanifu uliegemea Kiunguja tangu mkutano wa Mombasa wa 1928, lakini "ndoo" na "ndia" ni maneno kamili. Kwenye insha nitamwomba usanifu. Kwenye simu aandike lugha yake, na nafurahi kuiona imeandikwa.

ATHMAN: Sasa darasani unafanyaje?

KHADIJA: Nawasomesha meseji zao kwa sauti, kama zilivyoandikwa. Aliyeandika "ataki" akisikia mwenzake anasoma "ataki", anashtuka mwenyewe. Sikio linaijua h, hata pale kidole kilipoisahau.

ATHMAN: Binamu ameniandikia tena jana, "mjomba atakuja Ijumaa".

KHADIJA: Na safari hii?

ATHMAN: Nimempigia mjomba mwenyewe. Anakuja.