Kabla hujamgombeza mpangaji, soma mita usiku

Haya jamani, wazee shikamoni, mama zangu karibuni, wa nyuma sogeeni maana sina spika. Mwenyekiti kaniomba niongee habari za bili za maji kwa sababu kila kikao cha mtaa kinaishia hapo hapo, na mimi fundi bomba naingia kwenye nyumba zenu kila siku nayaona.

Nianze na nyumba ya mama yangu kule Mabatini juu, hapa hapa Mwanza. Nyumba ina wapangaji watatu na mita moja, kila mwezi bili ilikuwa inacheza yuniti 7 au 8, mara mwezi mmoja ikaja 31. Mama akawaza ni nani, macho yote yakaenda kwa binti mmoja mwenye mtoto mchanga anayefua nepi kila asubuhi, maneno yakawa maneno, yule binti akafunga mizigo akahamia Buhongwa. Mimi nilikuwa kazini Sengerema, nilivyorudi tayari kashaondoka.

Sasa tupige hesabu ambayo hatukuipiga siku ile. Yuniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Bili ilizidi yuniti 24 hivi, hizo ni ndoo 1,200 kwa mwezi, ndoo 40 kwa siku. Mtoto gani anachafua nepi za ndoo 40? Hakuna.

Nilichofanya ni hiki, na nyie mfanye. Saa 4 usiku watu wameshaoga nikafunga koki zote, nikafunga na ile ya kuingiza maji kwenye simtanki, hiyo msisahau kabisa kwa sababu tanki likiwa linajaa usiku mita itazunguka na utadhani ni mvujo kumbe sio. Nikachukua tochi nikasoma mita. Namba nyeusi ndio yuniti, nyekundu ni zile lita ambazo hazijafika yuniti. Nyeusi 412, nyekundu 306. Saa 11 alfajiri nyeusi ile ile 412, nyekundu 546. Lita 240 zimepita watu wote wamelala! Ndoo 12 ndani ya masaa 7, na kama yanavuja hivyo hivyo na mchana, kwa mwezi ndio zile yuniti 24 zenyewe.

Nikafunga valvu inayoingia ndani ya nyumba, nikachungulia kile kigurudumu kidogo kwenye kioo cha mita, bado kinazunguka taratibu. Basi ugonjwa uko kati ya mita na nyumba. Kingesimama ningejua uko ndani. Na huku kwetu mlimani mnajua wenyewe, bomba linapita juu ya mawe, jua linalipiga, mbuzi wanalikanyaga, halafu linaingia katikati ya majabali, likipasuka pale maji yanazama kwenye ufa huoni hata tope. Nilihangaika mpaka nikaona chini kidogo, kwa jirani, majani ya kijani yamestawi na ilikuwa kiangazi kikali, kila kitu kingine kimekauka. Nikafukua kwa mkono, jointi imeachia. Kuitengeneza ilikuwa kazi ya asubuhi moja tu. Yule binti nilimfuata Buhongwa nikamwomba msamaha kwa niaba ya mama, akapokea, ila kurudi hakurudi, na hilo bado linaniuma.

Ndani ya nyumba mtuhumiwa wa kwanza ni choo cha kuflashi. Shikeni hii raba mpitishiane, inakaa chini ya tanki la flashi, iguseni ukingoni, imekauka na imepinda, haizibi tena. Maji yanateleza kimya kwenye sinki husikii chochote. Nusu lita tu kwa dakika ni lita 720 kwa siku, zaidi ya yuniti 21 kwa mwezi! Tia rangi ya chakula kwenye tanki, usiflashi, subiri nusu saa, ukiona rangi imeshuka kwenye sinki umempata. Au boya, lile linaloelea na kufunga maji tanki likijaa, limekwama na maji yanatorokea kwenye bomba la ziada. Simtanki nalo hivyo hivyo, boya likifa usiku presha ikipanda maji yanamwagika nyuma ya nyumba nyie mmelala. Koki inayodondosha tone moja kila sekunde ni kama ndoo moja kwa siku, itengenezeni lakini hiyo peke yake haileti yuniti 31.

Na kabla ya yote hayo linganisha namba ya kwenye bili na ya kwenye mita. Kama bili iko mbele ya mita basi ilikadiriwa au ilisomwa vibaya, piga picha mita, nenda nayo ofisini. Angalia pia isije ikawa ni deni la nyuma limejumlishwa. Na maji yakikatika siku kadhaa yakirudi, upepo unatangulia kwenye bomba na mita inaweza kuuhesabu, kwa hiyo msiache koki wazi wakati maji yamekatika.

Maji haya yanavutwa ziwani, mengine pale Capripoint, yanasafishwa, yanasukumwa kwa umeme mpaka huku juu, halafu yanaishia kwenye ufa wa jiwe. Inauma jamani.

Sasa mliokuja na bili zenu leteni hapa mbele tuzisome moja moja kabla giza halijaingia. Mama mwenye kitenge cha bluu, anza wewe, hiyo yako inasema yuniti ngapi?