Kioo cheusi baada ya kutia draiva ya NVIDIA

BIUBWA: Asalaam alaykum wasikilizaji wetu wa Unguja na Pemba na popote mlipo. Leo tuna voisi ya kijana wa Wete, kazi yake kuediti video za harusi, laptopu yake ina kadi mbili za grafiki, Intel na NVIDIA, katia Ubuntu, ile Linux ya bure, kaenda kushusha draiva, yaani programu inayoiendesha kadi, kwenye tovuti ya NVIDIA wenyewe, lile faili la .run, kazima kawasha, kioo cheusi tii. Na video ya watu inatakiwa Ijumaa.

HAMAD: Yakhe, bi harusi yule hataki kusikia habari za kerneli, kile kiini cha Linux.

BIUBWA: Hataki hata kidogo.

HAMAD: Sasa kabla watu hawajaanza kumwambia futa yote utie Ubuntu upya, maana ndo ushauri wa kila mtu huo, mie nauliza kwanza, kilichokufa kitu gani?

BIUBWA: Hakijafa kitu! Laptopu nyingi za namna hii kioo chake kimeungwa kwenye Intel. Intel ndo anaepika nyumbani kila siku, NVIDIA ni mpishi wa biriani, anaitwa siku ya shughuli tu. Sasa lile faili la .run likimaliza linakuuliza, nikuandikie mipangilio ya X, ile programu inayochora kioo? Kijana akakubali, likamwandikia /etc/X11/xorg.conf inayosema michoro yote aichore NVIDIA. Na NVIDIA mwenyewe hajaamka. Nani atachora?

HAMAD: Hajaamka vipi na yeye anasema ilikwenda mpaka asilimia 100?

BIUBWA: Ndo hapo. Nikamwambia abonyeze Ctrl+Alt+F3, ikaja ile teminali ya maandishi matupu, maana chini mashine nzima inatembea, kilichoganda ni sura tu. Akaingia na jina na paswedi yake, akaandika sudo modprobe nvidia, yaani kumuamsha NVIDIA, ikamjibu "Key was rejected by service".

HAMAD: Eeh! Secure Boot.

BIUBWA: Secure Boot, yule mlinzi wa mashine anaekataa kisicho na saini. Moduli, kile kipande cha draiva kinachoingia kwenye kerneli, imejengwa vizuri kabisa ila haina saini inayotambulika, kerneli kaikataa mlangoni. Ukitaka kuhakikisha unaandika mokutil --sb-state, ikisema enabled basi jibu unalo. Wengine wanakimbilia kuizima kwenye baiosi, inafanya kazi, sikatai, lakini mie siipendi njia hiyo, saini inawezekana kwa nini uvunje kufuli?

HAMAD: Na asieona hata hiyo teminali?

BIUBWA: Kwenye menyu ya GRUB, ile inayokuja kabla Ubuntu haijaanza, abonyeze e, ule mstari unaoanza na linux aongeze nomodeset mwishoni, halafu F10. Itakuja sura mbaya mbaya, haidhuru, ni ya kupitia tu, ukiwasha tena inaondoka.

HAMAD: Haya, keshaingia. Anasafishaje?

BIUBWA: sudo nvidia-uninstall, kisha ile xorg.conf aihamishe, aipe jina jengine, asiifute. Akiwasha Intel anarudi kazini. Halafu ndo ubuntu-drivers devices, inamuonesha draiva gani inafaa kadi yake, na sudo ubuntu-drivers install. Hii kwa kawaida inaleta moduli ambazo Ubuntu washazitia saini wao, na kerneli ikipata apdeti draiva inafuata. Lile la .run likiachwa peke yake, siku ya apdeti ya kerneli unarudi kwenye kiza chako.

HAMAD: Hapa nataka nitie neno, kwa sababu hili linawapata wengi. Kama draiva inajengwa kwa DKMS, yaani inajengwa hapo hapo kwenye mashine yako, pale wakati wa kutia inakwambia weka paswedi, watu wanaweka hata hawasomi. Ukiwasha upya kinakuja kioo cha buluu, "Perform MOK management", MOK ndo ufunguo wako wa kutia saini, kinasubiri sekunde chache tu, mtu keshaondoka kwenda kuchota maji, kinapita. Pale unatakiwa uchague Enroll MOK, Continue, Yes, uandike ile ile paswedi.

BIUBWA: Na kikikupita si mwisho wa dunia, sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der, ukiwasha upya kitakuja tena.

HAMAD: Kwani Linux na NVIDIA ugomvi wao si wa leo, 2012 kule Finland Linus Torvalds, alieanzisha Linux, aliwaoneshea NVIDIA kidole mbele ya kamera, na suali aliloulizwa lilikuwa la laptopu za kadi mbili hizi hizi.

BIUBWA: Wamejirekebisha lakini. 2019 draiva ya 435 ilileta njia ya kumpa NVIDIA programu moja tu achore, Intel akabaki na vilobaki, na 2022 wakafungua kodi ya moduli za kerneli. Kwa hiyo kijana aandike sudo prime-select on-demand, basi. Kwa michezo, mbele ya amri yake ataandika __NV_PRIME_RENDER_OFFLOAD=1 na __GLX_VENDOR_LIBRARY_NAME=nvidia. Blender, ile programu ya michoro ya 3D, hata hayo haihitaji, anaingia kwenye mipangilio yake anachagua CUDA au OptiX, njia za NVIDIA za kufanyia kazi kwenye kadi.

HAMAD: Kuna mtu atamwambia aweke prime-select intel, NVIDIA azimwe kabisa, apate chaji ya kufika nayo Unguja kwenye boti.

BIUBWA: Aangalie! Laptopu nyingi tundu la HDMI limeungwa kwa NVIDIA. Akimzima, siku ya kuonesha video kwenye tivii ya ukumbini atachomeka waya hakuna kitu, atalaumu waya. On-demand inatosha, kadi za kizazi cha Turing cha NVIDIA kuja juu zinaweza kulala zenyewe zikiwa hazina kazi.

HAMAD: Kuna mwengine hapa, dada wa Chake, yeye kadi zake zote mbili za AMD, kampuni nyengine, anauliza ashushe wapi draiva.

BIUBWA: Asishushe kitu, bando lake ale nalo mengine. Draiva imo humo humo kwenye kerneli. Akitaka kadi ya pili ichore, aweke DRI_PRIME=1 mbele ya amri, kisha glxinfo -B imwambie nani anachora.