Tunaingia kwa Ajili ya Watu, Tunabaki kwa Ajili ya Nini?

Mabibi na mabwana, dakika nilizopewa ni chache, kwa hiyo salamu zangu zitakuwa fupi.

Kwa nini watu wako kwenye mitandao ya kijamii? Jibu la kwanza ni jepesi: binadamu hapendi kuachwa nje. Tena anapenda kujizungumzia. Mwaka 2012, Diana Tamir na Jason Mitchell wa Chuo Kikuu cha Harvard waliwapa watu uchaguzi: jibu maswali kukuhusu wewe, au jibu mengine ulipwe zaidi kidogo. Kwa wastani, watu walikuwa radhi kuacha sehemu ya hela ili wajieleze. Mnacheka, lakini mnajijua.

Hayo yanaeleza kwa nini tunaingia. Hayaelezi kwa nini mtu ameshajibu meseji zake zote na bado anaperuzi tu, hata hajui anatafuta nini.

Mtazame aliyeposti picha sasa hivi. Anaweka simu kifudifudi. Dakika haijaisha, anaigeuza: hakuna kitu. Anaigeuza tena: laiki moja. Kisha kimya, halafu zinaingia kumi kwa mpigo. Angejua kwamba ataletewa hesabu yake yote saa nne usiku, asingeigusa kabla ya hapo. Kinachomsumbua ni kutojua.

Mwanasaikolojia B. F. Skinner aliliona hili kwa njiwa, zamani kabla ya intaneti. Njiwa aliyezoea kupata punje kila anapodonoa kitufe, ukimkatia punje huacha mapema. Aliyezoea kupata kwa kubahatisha huendelea kudonoa muda mrefu. Baadaye mwanasayansi Wolfram Schultz, akichunguza ubongo wa nyani, aligundua kwamba seli za dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na zawadi, husisimka zaidi kwa zawadi isiyotarajiwa kuliko ile iliyozoeleka. Sasa ongeza kitufe cha laiki, ambacho Facebook ilikileta mwaka 2009, na ukurasa usiofika mwisho, na mengine mnayajua.

Hata hivyo sipendi kumwita kila mtumiaji mraibu. Anayeingia kumjulia hali ndugu yake akatoka, ana shida gani? Mimi huuliza jambo moja tu: ulipofungua simu ulikuwa unamtafuta nani? Mwenye jina la kutaja simwogopei. Asiye nalo ndiye ningependa tuzungumze naye jioni hii.

Karibuni maswali.