Bolti Mbili Kwenye Mkebe wa Kimbo

AKOTH: Hamjambo nyote, popote mlipo, hata kama mmelala chali chini ya gari. Mimi ni Akoth, tuko hapa Kisumu, na leo kisa ni changu mwenyewe. Kwa hivyo Fundi Wafula asinikatize.

WAFULA: Sijasema neno, dada.

AKOTH: Bado. Haya. Mnaoijua Toyota Fielder yangu mnajua hubeba samaki kutoka Dunga hadi Kericho. Siku hiyo nimeshapita Awasi, mlima umeanza, naona alama ya joto imekuwa nyekundu. Kabla sijapata pa kuegesha, mvuke huo! Mpira wa redieta umepasuka.

WAFULA: Na ukaendelea kidogo.

AKOTH: Kidogo tu, hadi palipo na kivuli.

WAFULA: Kivuli hicho ndicho kilichokula hedi, kile kichwa cha juu cha injini. Wasikilizaji, maji yakiisha, zima gari hapo hapo, hata kama ni kwenye jua kali. Injini za siku hizi zina hedi ya aluminiamu. Ikipata moto kupita kiasi inapinda, gasketi inayoziba chini yake inaachia, na hapo hesabu si ya mpira tena.

AKOTH: Nimekubali, usinisute mbele za watu. Gari likavutwa hadi gereji moja, jina naliacha. Hedi ikaenda kuskimiwa, yaani kusawazishwa uso, gasketi mpya, cheni ya taimingi, ile inayoendesha valvu kwa wakati wake, ikatolewa na kurudishwa. Siku tisa. Siku ya kumi naitwa nije nichukue gari langu. Nafika, fundi anapiga stata, injini inazunguka vizuri, tena kwa nguvu. Haiwaki. Anapiga tena. Haiwaki. Mpaka betri ikachoka, ikaletwa nyingine. Jioni ananiambia, mama, komputa ya gari imekufa, tafuta shilingi 38,000.

WAFULA: Ulimuuliza alijuaje?

AKOTH: Alichomeka ile mashine ya kusoma komputa, ikakataa kabisa kuongea na gari. Akasema, si unaona mwenyewe, imekufa.

WAFULA: Sasa hapo ndipo mimi huudhika. Gari lilikuja gereji kwa mpira wa redieta na hedi. Komputa iko kando kabisa na mambo ya maji, haikuguswa na mtu. Itakufaje ikiwa imekaa tu? Gari likikataa kuwaka baada ya kufunguliwa injini, kwanza fuata mkono wa fundi ulipopita. Kila waya aliyochomoa, kila bolti aliyolegeza. Ugonjwa mpya wa kutoka mbinguni siku hiyo hiyo unaweza kuwepo, lakini ni nadra mno.

AKOTH: Ndiyo nikakupigia simu. Na swali lako la kwanza nililiona la kitoto. Uliniuliza, ukiwasha swichi bila kupiga stata, ile taa ya injini kwenye dashibodi inawaka?

WAFULA: Na ukasema?

AKOTH: Nikasema haiwaki, nikafurahi! Nikadhani taa isiyowaka ni dalili njema.

WAFULA: Wengi hudhani hivyo. Ile taa ya rangi ya machungwa ni lazima iwake ukifungua swichi, kabla injini haijazunguka. Ndiyo komputa inakwambia, niko macho. Isipowaka kabisa, mara nyingi komputa haipati umeme, au haipati athi, yaani waya ya ardhi. Kulala si kufa. Na mashine ya kusoma haiwezi kuongea na aliyelala, kwa hivyo mashine kunyamaza hakukuthibitisha lolote.

AKOTH: Eleza hizo athi, maana nilikuwa najua moja tu, ile nene ya betri.

WAFULA: Ziko za aina mbili, na tabia zao hazifanani. Ile nene inatoka betri kwenda kwenye bodi na injini. Ikiachwa au ikiwa na kutu, stata inajikokota, nyii... nyii..., taa zinafifia, na wewe unalaumu betri. Kipimo chake ni rahisi: weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma safi cha injini, mtu apige stata. Ukiona zaidi ya nusu volti, athi ni mbovu. Huna mita? Chukua waya moja ya jampa, unganisha hasi ya betri na injini. Stata ikipata nguvu ghafla, umeshapata jibu bila kununua kitu.

AKOTH: Lakini stata yangu ilikuwa na nguvu.

WAFULA: Ndiyo maana sikuhangaika na ile nene. Kuna nyembamba, waya za komputa. Kwenye Toyota nyingi hazifungwi kwenye bodi, zinafungwa kwenye injini yenyewe, pale karibu na manifoldi, bomba la kuingizia hewa, kwa bolti ndogo ya spana namba kumi. Ukitoa hedi ni lazima uzifungue. Ukirudisha, zinajificha nyuma ya fungu la waya, na hakuna kitu kinachoning'inia kikakukumbusha.

AKOTH: Basi Fundi Wafula anafika na tochi, nikidhani atafungua boneti. Wapi! Anaomba mkebe.

WAFULA: Mkebe kwanza! Kila fundi ana mkebe wake wa bolti.

AKOTH: Ulikuwa mkebe wa Kimbo, yale mafuta ya kupikia, una oili chafu kidogo chini. Ndani bolti mbili za namba kumi. Yule fundi anasema, hizo hubaki tu.

WAFULA: Toyota haikutia bolti ya mapambo. Nikamulika nyuma ya manifoldi, nikaona vijicho viwili vya shaba, ncha za hizo waya, vimelala juu ya mabano, vinang'aa, havijaguswa na chochote. Nikavikwangua kwa msasa, nikavifunga. Swichi, taa ya injini ikawaka.

AKOTH: Stata, ikakohoa kidogo, ikawaka. Nikapiga vigelegele hapo gereji, Kibuye, hadi mama wa maandazi akaja kuangalia.

WAFULA: Ilikohoa kwa sababu mabomba ya mafuta yalifunguliwa, yalikuwa na hewa. Hiyo ni kawaida.

AKOTH: Sasa kuna ndugu yetu wa Nakuru ametutumia ujumbe wa sauti. Ana Subaru, injini ya EJ20, wamebadilisha mkanda wa taimingi na pampu ya maji. Haiwaki. Taa ya injini inawaka vizuri. Anasema injini inazunguka, nanukuu, kama cherehani.

WAFULA: Hapo amenipa nusu ya jibu. Dada, injini isiyo na kasoro ukiizungusha ina mapigo: huu, huu, huu, kila silinda inapobana hewa stata inalemewa kidogo. Ikizunguka laini na haraka kama cherehani, hakuna kompresheni. Valvu haziko mahali pake pistoni inapopanda.

AKOTH: Yaani mkanda umewekwa vibaya.

WAFULA: Kwa EJ, kuna mtego mmoja ambao umewaumbua mafundi wengi, mimi mmoja wao, mwaka wangu wa pili. Kwenye gurudumu la krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, kuna mshale umechorwa usoni, unaonekana kabisa. Basi unaona mshale, unauelekeza juu, unafunga mkanda. Kosa! Alama ya kufungia mkanda si mshale. Ni mkwaruzo mdogo kwenye ukingo wa meno ya nyuma, unaoulinganisha na alama iliyo juu kwenye pampu ya oili. Mshale una kazi nyingine. Ukiufuata, krenki haiendi pamoja kabisa na kemu, mihimili inayofungua valvu.

AKOTH: Na hao waliutengeneza mshale mkubwa, alama halisi wakaifanya ndogo?

WAFULA: Waulize Wajapani. Ndugu, tafadhali, usipige stata tena. Kwa EJ nyingi pistoni na valvu hukutana, na kila unapopiga unaweza kukunja valvu. Fungua kava, tazama alama. Mkirekebisha, zungusha krenki kwa spana, kwa mkono, mizunguko miwili kamili. Ikigota, simama, usilazimishe. Isipogota na alama zimerudi mahali pake, pima kompresheni ya silinda zote nne kabla ya kufunga kila kitu. Silinda moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, hedi inatoka.

AKOTH: Pole sana, ndugu. Kule kwenu tangu mbio za magari za Safari zirudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, zikifanyika Naivasha, kila kijana anataka Subaru.

WAFULA: Subaru sina neno nayo. Mshale ndio nina neno nao.

AKOTH: Na yule ambaye mapigo yapo, taa inawaka, lakini gari bado?

WAFULA: Toa plagi moja, inuse. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika, tafuta moto, yaani cheche: koili, na ile sensa ya krenki, ambayo soketi yake iko chini, nayo ni rahisi kusahaulika. Ikiwa kavu, tafuta mafuta: fyuzi, rilei, pampu, soketi za nozeli zinazopuliza petroli. Na kama umepiga stata nusu saa na plagi zote zimelowa chapachapa, zikaushe, kisha kanyaga mafuta hadi chini na upige stata. Gari nyingi za nozeli zikiona hivyo zinafunga petroli, hewa inapita, silinda zinakauka.

AKOTH: Na ikigonga ko! ikasimama?

WAFULA: Baada ya kazi ya hedi? Acha kabisa. Maji yanaweza kuwa yameingia ndani ya silinda, na maji hayabanwi. Toa plagi zote kwanza, ndipo uzungushe. Usisimame karibu, yatakuogesha.

AKOTH: Tunakaribia mwisho. Fundi, mbona unaniangalia hivyo?

WAFULA: Nimekumbuka kitu. Mkebe ulikuwa na bolti mbili. Athi ilikula moja. Ile nyingine?

AKOTH: Iko hapa, kwenye kishikio cha ufunguo. Niliifanya kumbukumbu. Gari linakwenda mwezi wa saba sasa!

WAFULA: Dada Akoth. Kericho unapanda lini?

AKOTH: Kesho, saa kumi alfajiri.

WAFULA: Pitia kwangu saa tisa. Uje na huo ufunguo.