Kidole gumba, na kanga ya mamake Makame

ZUHURA: Assalaam alaykum wasikilizaji. Mada ya leo ni emoji na tabia ya mtu, lakini nnaanza na Makame. Wiki hii mwanangu karuhusiwa hospitali. Nimemwandikia huyu habari nzima: homa ilivyoshuka, uji alivyokunywa. Kanijibu kidole gumba. Basi!

MAKAME: Nilikuwa chomboni, natoka Pemba, mtandao unakuja unakatika. Nikaona mtoto kapona, nikamshukuru Mungu, nikabonyeza.

ZUHURA: Shukrani umebaki nazo moyoni, mie nimeletewa gumba.

MAKAME: Gumba ni neno zito, Zuhura. Mwaka 2023, mahakama moja ya Saskatchewan, Kanada, ilisema gumba alilotuma mkulima wa kitani kwa mnunuzi ni sawa na kutia saini mkataba. Kitani hakupeleka, akaamriwa alipe zaidi ya dola 82,000 za Kanada.

ZUHURA: Huyo alikuwa anauza kitani! Mie nakuambia habari ya mtoto. Anayejibu kila jambo kwa gumba hataki maneno na watu. Shangazi yangu wa Wete hamalizi ujumbe bila viganja viwili vilivyokutana, nawe ukikaa naye utaona, ni mtu wa dua.

MAKAME: Viganja vile Wajapani huvitumia kuomba na kushukuru. Sisi tumevifanya dua, mwengine pole, mwengine samahani. Utamsoma vipi mtu hapo?

ZUHURA: Kama anavyosomwa kwa kanga. Mwanamke Darajani hatoi pesa ya doti hajasoma jina.

MAKAME: Mamangu hutazama rangi.

ZUHURA: Mamako? Ile aliyovaa maulidini kwa jirani yenu imeandikwa nini?

MAKAME: ...“Hasidi hana sababu.”

ZUHURA: (anacheka) Rangi hiyo!

MAKAME: Zambarau. Anapenda zambarau tangu zamani.

ZUHURA: Na jirani alivaa ipi?

MAKAME: “Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake.”

ZUHURA: Yarabi! Hao wamejibizana maulidi mazima!

MAKAME: Wamekula sinia moja, Zuhura.

ZUHURA: Si kanga zishasema? Mdomo umebakiwa na pilau.

MAKAME: Haya, na wiki iliyopita mamangu kavaa “Wema hauozi.” Sasa yupi ndiye yeye?

ZUHURA: Wote wawili. Kila siku anachagua mwenyewe.

MAKAME: Basi inayosema ni siku, si mtu. Na kanga ina maandishi, emoji haina. Unicode, ule mpango wa dunia wa herufi za kompyuta na simu, inatoa namba na jina tu, mchoro kila kampuni inachora wake. Uso niliouchagua mie kwenye simu yangu, kwako unaweza kufika na sura nyengine.

ZUHURA: Lako limefika gumba, halikugeuka ua.

MAKAME: Nilikuwa na furaha wakati ule. Wallahi.

ZUHURA: Nnakuamini. Lakini mtu mwenye furaha ana emoji tele za kuchagua, weye umechagua ile. Hapo sirudi nyuma.

MAKAME: Nami sikubali kupimwa moyo kwa kidole.

ZUHURA: Haya.

MAKAME: Haya.

(kimya)

MAKAME: Muda umekwisha. Na ile orodha yako ya mambo ya kujifunza?

ZUHURA: Mioyo ya rangi, kicheko cha machozi... hatujagusa hata moja. Iache. Makame, ile zambarau mamako kanunua duka gani?

MAKAME: Hapo hapo Darajani. Kwa nini?

ZUHURA: Jumapili nna maulidi.